Fundi wa Diski Zisizo na Sauti

Kabla ya kufungua mashine yoyote, Fundi alikuwa anaiinamia na kuitegea sikio. Alikuwa mwanamke mzito, rika la mama yangu, na kuinama hakukuwa rahisi kwake, lakini hakukubali mtu amsogezee kiti. Alishika ukingo wa meza, akafumba macho, na sisi sote tuliokuwapo tukanyamaza kama watu wanaomsubiri daktari aseme neno. Kisha alijinyoosha na kusema, "Hii imebaki na mwezi moja tu," au, "Hii ni vumbi, haina shida." Katika miaka yote niliyomjua sikumbuki akikosea.

Mafundi Kisumu ni wengi, wa simu, wa redio, wa friji. Lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, wenye studio, kliniki na ofisi ndogo kuanzia Kibuye hadi Sondu walijua unamzungumzia yule mama wa diski. Kazi yake ilikuwa kuweka masanduku ya kuhifadhia kazi. Sanduku lenyewe ni dogo, unaweza kulibeba kwapani. Ndani yake kuna diski mbili au zaidi, na linaunganishwa kwa waya na kompyuta zote za ofisi, ili kila mtu afungue faili kutoka mahali pamoja. Alifanya kazi hiyo peke yake, akitembea na mfuko wa kamba ulioshonwa kwa mkono, bisibisi zikiwa zimefungwa ndani ya taulo ya mtoto. Tulimzika mwaka jana. Nilisimama nyuma ya hema bila kamera, na watu wengi walionijua waliniuliza kulikoni.

Mimi nina studio ya picha na video Manyatta. Napiga harusi, mazishi na mahafali. Ukuta wangu mmoja unapakana na mashine ya kusaga unga, na ikiwashwa, vikombe vinatembea mezani. Nilipomwita Fundi mara ya kwanza, diski tatu zilikuwa zimeniharibikia kwa muda usiofika miaka miwili, na nilikuwa nimeshawalaumu wauzaji wote wa mjini. Aliinama akasikiliza kama kawaida yake. Halafu akaacha sanduku, akaenda kuweka kiganja ukutani.

"Si diski mbaya," alisema. "Ni ukuta. Hiyo sahani ya ndani inazunguka mbio sana, na jirani yako anaitingisha kutoka asubuhi."

"Kwa hivyo nihame, Mama?"

"Uhame uende wapi? Tutaweka SSD. Hiyo haina kitu ya kuzunguka ndani. Jirani asage mpaka achoke."

Nilifurahi. Yeye hakufurahi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanitazama mpaka nikaacha kutabasamu.

"Sasa nisikize, Bwana Picha. Ile ya kuzunguka ikitaka kufa, inalia. Inakwaruza, inagonga, inakupea siku mbili tatu ujipange. Hii haiongei. Leo iko, kesho haiko. Na hizi mbili nitakuwekea si bakapu. Zinaandika kitu moja, saa moja. Ukifuta hapa umefuta na pale. Bakapu ni ile inalala nyumba ingine."

Akanipangia. Kila Jumamosi nichomeke diski ya nje, nisubiri inakili kila kitu kipya, kisha niibebe mpaka nyumbani. Nilikubali. Kulikuwa na jambo jingine alilotaka: diski mbili za sanduku zisitoke pakiti moja. Alitaka moja sasa na nyingine baada ya miezi michache, tena ya kampuni tofauti, kwa sababu, alisema, zilizozaliwa pamoja na kufanya kazi pamoja huchoka pamoja. Lakini ilikuwa Desemba, nilikuwa na harusi kila wikendi, nikamsihi aweke zote mbili siku hiyo. Alisita. Mwisho akaziweka, akaandika jambo hilo kwa penseli katika daftari lake la shule. Ndiyo mara pekee niliyomwona akikubali kushawishiwa na mteja.

Maana kwa wengine alikuwa jiwe. Kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyetaka SSD mpya lakini akakataa kununua UPS, ile betri inayoishikilia mashine stima ikipotea. "Kwangu stima inapotea dakika moja tu, Mama," alimwambia. "Dakika moja inatosha," Fundi alijibu, akakunja taulo yake ya bisibisi na kuondoka. Yule mzee alimfuata mpaka barabarani, akimwita kwa heshima zote, na yeye akawa anatembea tu huku akisema, "Nunua kwanza, nitakuja." Mzee alinunua. Fundi akarudi siku hiyohiyo, akala chakula chao cha mchana kama mtu wa nyumbani.

Nilimwona pia akiwa mpole. Nilikuwa nimeitwa Sondu kupiga picha kliniki ndogo ya akina mama ilipofungua chumba kipya, nikamkuta amepiga magoti nyuma ya meza ya mapokezi. Kompyuta zao nne zilikuwa zinachukua muda mrefu kufungua kadi za wagonjwa, na daktari wao alitaka kila kitu kihamishiwe kwenye SSD. Fundi alimkatalia.

"Kadi za akina mama ni faili ndogo ndogo nyingi, na mnazifungua watu wanne saa moja. Hizo ndizo zinataka SSD. Lakini picha za ultrasound za miaka iliyopita, nani anazifungua? Wacha zikae kwa ile diski kubwa ya kuzunguka. Huku hakuna mashine ya unga."

"Nimeambiwa kuna SSD za kasi zaidi ya hizi," daktari alisema.

"Ziko. Lakini waya yenu ndiyo itazichelewesha. Usikubali mtu akuuzie mbio ambayo haiwezi kupita kwa hii waya."

Alipomaliza hakuondoka. Alikaa kwenye benchi pamoja na akina mama wajawazito, akitazama saa ya ukutani kila jina lilipoitwa. Msichana mmoja mwenye mimba kubwa alimuuliza ni mgonjwa wa nini. "Mimi si mgonjwa, nyathina," Fundi alimwambia, yaani mwanangu. "Niko hapa kuona kama kadi yako inatoka haraka." Yule msichana alipoitwa, Fundi alimshika mkono kumsaidia kuinuka, na mimi nikaipiga picha ile. Sasa siipati popote.

Yeye mwenyewe hakuwa na kompyuta nyumbani. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Aliyewafokea watu wa Kisumu nzima wawe na nakala tatu za kila kitu alikuwa na daftari moja tu la penseli, na nilipomuuliza ikiwa litaungua itakuwaje, alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi nitakuwa nimepumzika," alisema. Kucheka kwake kulikuwa hivyo, bila sauti. Alicheka sana alipomzungumzia binti yake.

Binti yake alikuwa mmoja tu, mwalimu wa watoto wadogo upande wa Nyakach. Alikuwa mrefu, mwembamba, hafanani na mama yake kwa lolote isipokuwa kule kucheka. Alipokaribia kuolewa, Agosti, mimi ndiye niliyepewa kazi ya video. Wiki moja kabla ya harusi alikuja studio peke yake, Jumanne mchana. Alitaka nimrekodi akisema maneno ya kumshukuru mama yake, halafu siku ya sherehe niyaonyeshe kwenye shuka nyeupe mbele ya wageni wote. Mama asijue.

Nilimkalisha kwenye kiti, nikawasha taa mbili. Alizungumza Dholuo, lugha ya kwao. Mimi ni mtu wa Vihiga. Nilikuja Kisumu kutafuta kazi, na wakati ule Dholuo changu kilikuwa cha salamu na cha sokoni tu. Nilivaa vidude vya masikioni na kutazama mshale wa sauti usiingie kwenye nyekundu. Alianza, akakosea, akacheka. Akaanza mara ya pili, akanyamaza katikati. Mara ya tatu alizungumza kama dakika nne bila kusimama. Alipomaliza akaniuliza kwa Kiswahili, "Imeshika?" Nikamwambia imeshika.

Siku ya harusi mvua ilipiga hema mpaka tukang'oa nyaya zote kwa hofu ya shoti. Shuka nyeupe ikafungiwa mizigo. Baadaye binti alimwambia mama yake kwamba kuna kitu chake studio, na mama alipomuuliza ni kitu gani, alikataa kusema. "Utaona," alimwambia. Fundi akasema atapita akipata nafasi. Alikuwa na kazi nyingi, na ni kitu ambacho hakingeenda popote.

Aprili binti yule aliugua siku tisa, akafa.

Mwezi mmoja baada ya mazishi Fundi alikuja, akasimama mlangoni. Hakuingia. Nilitoka nikasimama naye kwenye ngazi, mashine ya jirani ikinguruma.

"Ile kitu yake iko?"

"Iko, Mama. Nikuwekee kwa flashi?"

"Usitoe. Nikienda nayo nyumbani nitaisikiza, halafu nitakuwa nimemaliza. Hakutakuwa na kitu ingine mpya kutoka kwake. Wacha ikae. Nikijua iko, naweza kungoja."

Tangu siku hiyo hakuingia tena studio. Kwa wateja wengine alikuwa akitokea bila kutangaza na kudai kuona nakala zao kwa macho. Kwangu alipiga simu tu, kila Jumamosi saa kumi jioni. "Umefanya?" aliuliza. Nami nilijibu, "Nimefanya, Mama." Alisema "Erokamano," asante, akakata.

Sikuwa nimefanya. Diski ya nje ilikuwa imejaa tangu Julai, kabla ya harusi ile, na nilikuwa nikisema nitapanga nafasi wiki ijayo. Ninaandika hivi kwa sababu sijui njia nyingine ya kusema. Haikuwa kazi ngumu. Ilikuwa kazi ya saa moja. Kila Jumamosi niliposema "Nimefanya" nilidhamiria kuifanya Jumatatu.

Juni, asubuhi moja ya Jumanne, taa moja ya sanduku iligeuka nyekundu. Diski ya kwanza ilikuwa imekufa. Hakukuwa na mkwaruzo wala mlio wa kugonga, kama alivyonieleza. Nilimpigia simu, alikuwa Sondu.

"Ile ya pili inafanya kazi?" aliuliza.

"Inafanya."

"Usizime. Chomeka ya nje, anza kunakili saa hii. Mimi nakuja."

Nilifuta vitu vya zamani kwenye diski ya nje, nikaanza kunakili. Nilianza na harusi ya Jumamosi iliyopita, kwa kuwa bwana harusi alikuwa ananipigia simu tangu Jumapili. Nikafuata na mazishi ya Ahero ambayo familia yake ilikuwa inasubiri. Kazi za mwaka uliopita niliziweka mwisho. Saa tano hivi, mstari wa kunakili ulisimama. Niliusubiri usogee. Taa ya pili ikageuka nyekundu, na sanduku likawa halioni diski yoyote.

Alifika akiwa na vumbi la pikipiki usoni. Safari hii aliingia bila kusita. Kwa mazoea ya miaka mingi alishika ukingo wa meza, akainama, akategea sikio. Mashine ya jirani ilikuwa imezimwa wakati huo kwa ajili ya chakula cha mchana, na chumba kilikuwa kimya kabisa. Alikaa vile kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Kisha akajinyoosha, akavuta kiti, akafungua diski ya nje kwenye kompyuta yangu na kusoma tarehe, kidole chake kikishuka polepole kwenye kioo.

"Ulianza na gani?" aliuliza.

"Harusi ya Jumamosi."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wananipigia simu, Mama."

Aliitikia kwa kichwa. Kidole kikaendelea kushuka mpaka kikafika kwenye nakala ya mwisho niliyofanya kabla ya asubuhi ile.

"Ya Julai," alisema.

Nilingoja anitukane. Ningekuwa na la kufanya kama angenitukana. Alizichomoa zile diski mbili, akazifunga kwenye kitambaa chake cha kichwani, akaondoka kichwa wazi. Mwenye mashine ya kusaga, aliyekuwa akila mlangoni kwake, aliniuliza kama yule mama amefiwa tena.

Alizituma Nairobi kwa mtaalamu aliyemwamini. Baada ya wiki kadhaa alinipigia simu, si Jumamosi. "Wamesema hapana," aliniambia. "Ile ya kuzunguka mtu angeweza kuifungua, atoe hata kidogo. Hii wamesema hapana." Akakata.

Hakunikatia huduma. Alituma fundi mwingine aje aniwekee diski mpya, moja kwanza, na nyingine ya kampuni tofauti baada ya miezi minne. Aliacha kupiga simu. Nilikuwa nikisikia habari zake kwa wateja: kwamba sasa anafika kliniki ya Sondu hata akiwa na homa, anadai kuona tarehe. Kwamba ameanza kuchechemea. Kwamba sukari imemshika, na hatimaye mguu mmoja umekatwa chini ya goti, naye amerudi nyumbani kwake Pap Onditi. Katika miaka mitatu iliyofuata nilioa Mjaluo, nikapata mtoto, na Dholuo kikaniingia nyumbani mwangu mwenyewe bila kukitafuta. Siku moja nilijikuta namsikiliza mke wangu akiongea na mama yake kwa simu na naelewa kila kitu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Alinipigia simu mwaka jana, miezi michache kabla hajafa.

"Bwana Picha. Kuja. Usikuje na kamera."

Nilimkuta asubuhi ameketi barazani, mguu mzima umenyooshwa, sinia la osuga mapajani. Alikuwa amepungua sana. Alinyofoa majani ya mboga yale moja moja na kutupa vikonyo kwenye ndoo. "Bed piny," aliniambia, nikakaa kwenye stuli mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani, nikaanza mara moja.

"Mama, mimi nilikudanganya. Kila Jumamosi..."

"Najua. Nilisoma tarehe." Hakuacha kunyofoa. "Na mimi niliweka mbili za pakiti moja, na nilijua. Na nilikuwa na miezi nane ya kupita hapo kwako nisikize, nikakuwa nasema kesho. Kabla hajakufa. Angekuwa bado ako hai na ningesikiza, ningempigia simu. Hiyo nimeihesabu peke yangu, sitaki usaidizi. Sikukuita kwa hiyo."

"Umeniitia nini, Mama?"

"Wewe ndiye ulikuwa naye. Uliweka ile kitu kwa masikio. Niambie alisema nini."

Nimepiga harusi nyingi mno. Maneno ambayo mabinti huwaambia mama zao nayajua yote, na wakati huo ningeweza kuyasema kwa Dholuo safi, mwanzo mpaka mwisho, dakika nne kamili. Yalinifika mdomoni. Nilitazama mikono yake kwenye sinia.

"Mama, siku ile nilikuwa sijui Dholuo."

Mikono ikasimama.

"Hata kidogo?"

"Cha sokoni tu."

Kuku aliingia barazani, akatoka, na hakuna aliyemfukuza. Kisha Fundi akaniambia nimweleze nilichokiona, kama sikusikia. Nikamweleza. Alikuwa na gauni la kijani. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono ameibana katikati ya magoti. Alikosea mara mbili, akacheka. Hapana, hakulia. Alisema "Mama" mara nyingi, hilo nililisikia, na "erokamano" nililisikia. Macho aliyaelekeza kwenye kamera, hakuniangalia mimi.

"Na ingine?"

Nilifumba macho nikatafuta. "Karibu na mwisho alitaja Sondu. Alisema Sondu, halafu akacheka, ndiyo akamalizia."

"Sondu."

"Ndiyo, Mama. Hilo nina hakika nalo."

Alisogeza sinia pembeni. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu anayefanya kazi.

"Sondu tulienda mara mingi," alisema. "Kulikuwa na siku tulinunua viatu, moja ikaanguka kwa mto. Ni hiyo?"

"Sijui, Mama."

"Ama siku ile alipotea sokoni nikamkuta anakula ndizi za watu." Alingoja. "Ama ile tulinyeshewa, tukalala kwa mama wa mahindi."

Aliendelea hivyo mpaka jua likaingia barazani, akizitoa siku moja moja, na kila alipotaja moja alinyamaza na kuniangalia usoni, aone kama ni hiyo.